Chakula cha Mchana kwa Mwendo wa Mia Tatu

Anselme Castagnède alikuwa na treni iliyowahi kukimbia kilomita mia tatu na kumi na moja kwa saa, na hapakuwa na mkubwa hata mmoja serikalini aliyejisumbua kuipanda. Aliijenga kwa miaka minane. Aliitia injini nne za helikopta, zile ziitwazo turbini, mbili mbele na mbili nyuma, akaipaka rangi ya chungwa, na kila wiki aliitoa Bordeaux akaifyatua kusini katikati ya misonobari ya Landes hadi Dax, kisha akarudi na kuandika tarakimu zake kwa mwandiko wa mwalimu wa chekechea. Ripoti ishirini na tatu alizipeleka Paris. Paris ilijibu kwa adabu kwamba imezipokea. Na kweli ilizipokea, ikazipanga kabatini kwa uangalifu mkubwa, maana serikali ya Ufaransa haitupi karatasi. Inazizika tu, kwa heshima zote.

Basi mwezi wa tano mwaka 1973 ikasikika kwamba Waziri mwenyewe anakuja. Atapanda, ataona, ataamua. Ama atie sahihi zijengwe treni thelathini kama ile, ama aifute, na watu sitini wa karakana ya Anselme waende wakatengeneze mashine za kufulia nguo. Anselme aliipokea habari hiyo kama mtu aliyeposa miaka minane na leo ndiyo anaambiwa baba mkwe yuko tayari kumwona. Alinyoa ndevu asubuhi, akanyoa tena mchana.

Siku nne kabla ya safari akafika Gontran Lespinasse, afisa wa itifaki, mwanamume mwembamba aliyevaa glavu za kijivu katika joto la mwezi wa tano. Mkononi alishika ratiba. Ilikuwa imechapwa kwenye karatasi nzito, ina nembo ya Jamhuri na utepe wa rangi tatu.

"Saa saba kamili, kuondoka Bordeaux," alisoma. "Saa saba na dakika tano, chakula cha mchana ndani ya treni. Saa tisa na nusu, kufika Dax. Bendi, meya, hotuba."

"Bwana Lespinasse, Dax ni dakika thelathini na tano tu," Anselme akasema.

"Kwa chakula gani?"

"Si kwa chakula. Kwa treni."

"Mimi naongelea chakula, mhandisi. Asparaga, samaki, bata, jibini, kitindamlo, kahawa. Ni muda wa saa mbili na nusu, na hapo tumejibana mpaka basi."

"Si ale kabla ya kupanda?"

"Waziri ale stesheni? Amekuwa muuza magazeti?"

"Basi atakula Dax, akifika."

"Dax kuna chakula cha jioni. Wewe bwana, ratiba zimechapwa mia tatu! Zimeshagawiwa! Unataka Waziri atue Dax saa saba na dakika thelathini na tano, bendi bado inavaa suruali?"

"Sasa unanitaka nifanye nini?"

"Iambie hiyo treni yako ijue adabu. Iende polepole."

Anselme alimweleza, kwa subira aliyoikopa mahali, kwamba turbini si farasi. Farasi ukimpunguza mwendo anakula nyasi kidogo. Turbini ukiipunguza mwendo inaendelea kunywa mafuta karibu sawasawa na ilivyokuwa ikinywa wakati wa kukimbia, tofauti ni kwamba haikufikishi popote. Treni hii, alisema, ina hasara moja tu duniani, nayo ni kuchelewa.

"Basi jaza mafuta," Lespinasse akasema, akaanza kuvua glavu moja kidole kimoja kimoja, ishara kwamba mazungumzo yamekwisha.

Na hapo, ukweli usemwe, huyu afisa wa itifaki ambaye hakujua turbini ni mdudu au ni ugonjwa, alikuwa amesema neno la pekee la maana lililosemwa wiki ile nzima. Lakini Anselme hakujaza mafuta. Alikuwa na mpango wake moyoni. Alitaka mbele ya Waziri treni ivunje rekodi yake yenyewe, ifike mia tatu na ishirini, na treni nyepesi hukimbia kuliko treni nzito. Akaagiza matangi yatiwe nusu. Waziri akishaonja mwendo, alijiambia, nani atakumbuka bata?

Kosa hilo angelifanya mgeni tungemsamehe. Lakini Anselme alikuwa Mfaransa, mtoto wa muuza nyama wa Mont-de-Marsan, amezaliwa na kukulia mezani. Hana udhuru.

Dereva wake, Firmin Bidegaray, Mbasku wa mabega mapana, aliliona jambo hilo mapema.

"Bosi, nusu tangi? Na hawa watu wanakuja kula?"

"Wakiuona mwendo watasahau kula, Firmin."

"Watasahau kula," Firmin alirudia taratibu, kama mtu anayesoma cheti cha daktari. "Bosi, mama yangu alizimia kanisani siku ya harusi yangu. Alipozinduka, neno la kwanza aliuliza kama bata ameungua. Na huyo ni mama, alikuwa ananipenda."

"Endesha treni, Firmin."

"Naendesha, bosi. Mimi kazi yangu kuendesha."

Siku ilipofika, saa saba kamili, Waziri Vauquelin alipanda, mtu mnene mwenye sauti ya kuhutubia uwanja. Waandishi wa habari waliwekwa behewa la pili pamoja na masanduku sita ya divai, ili wasije wakaandika. Behewa la kwanza lilikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe, na nyuma yake jiko dogo la gesi alilokabidhiwa Mama Darrigade, mpishi maarufu wa Dax, ambaye alikuwa amekwisha kutangaza kwamba yeye hana habari na mia tatu wala mia nne, ila mtu akimtikisia mchuzi watajuana.

Firmin alifungua injini. Treni ilijikusanya, ikapiga filimbi moja ndefu ya kupasua masikio, ikaondoka. Mia. Mia na hamsini. Mia mbili na themanini. Anselme alikuwa amesimama karibu na kipima mwendo kilichotundikwa ukutani, na machozi yalimlengalenga, wala hakujali nani anamwona. Miaka minane! Aligeuka kumtazama Waziri ili aone furaha ya mtu mwingine.

Waziri alikuwa na chipukizi la asparaga mdomoni, nusu ndani, nusu nje. Jua la mchana lilipita katikati ya misonobari, na kwa mwendo ule vivuli vya miti vilimpiga usoni kama mtu anayewasha na kuzima taa mara kumi kwa sekunde. Asparaga za Landes ni nyeupe. Uso wa Waziri ulikuwa mweupe zaidi.

"Simamisheni hiyo miti," alisema kwa sauti ndogo.

Lespinasse akaruka. Mapazia mazito ya madirisha yakashushwa upande wa kulia, yakashushwa na wa kushoto, taa zikawashwa, na afisa wa itifaki akanyanyua simu ya ndani kabla Anselme hajafungua mdomo.

"Dereva! Sitini!"

"Mia mbili na sitini?" Firmin aliuliza.

"Sitini! Sita na sifuri! Ni amri ya Jamhuri!"

Hivyo ndivyo treni ya kasi kuliko zote barani Ulaya ilivyoanza kwenda mwendo wa basi la shule, madirisha yamezibwa, ikibeba watu wanaotafuna. Waziri alipata rangi yake, akapangusa midomo na kuomba samaki.

Samaki mwenyewe alikuwa mkunga, yule mrefu kama nyoka, aliyepikwa kwa divai na damu yake, na mkunga wa namna hiyo haliwi kwa haraka. Anselme alikula kana kwamba anameza misumari. Kila dakika aliitazama saa, akapiga hesabu kichwani: kilomita zilizobaki, mafuta yaliyobaki, sahani zilizobaki. Hizi za mwisho ndizo zilizokuwa zikimtisha. Alikwenda kwenye simu mara ya kwanza, akamwambia Firmin azime injini mbili. Akaenda mara ya pili.

"Nilishazima mbili, bosi. Mbili zilizobaki zinakunywa kama wajomba msibani."

"Mafuta yatafika?"

"Wamefika wapi huko?"

"Ndiyo kwanza bata analetwa."

"Bosi, mimi ni Mkatoliki," Firmin alisema. "Niombe?"

Mezani mambo hayakuwa bora. Waziri alikuwa amekuja na kisa chake cha kuwinda njiwa pori, kisa ambacho alikisimulia kila alikokwenda na ambacho kila mtu alijua mahali pa kuchekea. Lakini filimbi ya turbini, ambayo kwa mwendo wa polepole ilikuwa kali zaidi, iliingia katikati ya kila sentensi. Alipofika mahali pa kuchekea, hakuna aliyesikia, na wakacheka sentensi mbili baadaye, alipokuwa akieleza kifo cha mbwa wake.

Waziri aliweka uma chini. "Hiyo filimbi, mhandisi. Ni ya lazima?"

"Ndiyo treni yenyewe, Bwana Waziri."

"Aaa." Akamnusa bata. "Na huyu bata? Ananuka kiwanja cha ndege."

Mlango wa jiko ukafunguka kwa kishindo. "Nani kasema bata wangu ananuka?" Mama Darrigade alisimama pale na upawa mkononi. "Bata wangu ananukia bata! Kinachonuka ni hilo dubwana la huyu bwana hapa, nimemwambia tangu asubuhi, mafuta ya taa yanaingia mpaka kwenye siagi!"

"Mama, rudi jikoni," Anselme akamsihi.

"Narudi. Lakini aibu hiyo si yangu, ni yako."

Waziri alichukua kalamu kutoka mfukoni mwa koti, akaiweka kando ya sahani yake kama mtu anayeweka kisu. Lespinasse aliiona, Anselme akaiona, na mhandisi akajua kwamba maji yamemfika shingoni. Kalamu ile haikutolewa kwa ajili ya kujenga.

Jibini ya kondoo iliwekwa mezani. Ndipo, bila kutikisika, bila kukohoa, filimbi ikafa.

Ulikuwa ukimya ambao treni ile haikuwahi kuujua tangu izaliwe. Watu waliacha kutafuna. Anselme aliinuka akatembea kwenda kwenye simu.

"Tumekauka, bosi," Firmin akasema. "Iliserereka yenyewe kilomita nzima, sasa tumesimama. Dax iko kilomita thelathini na mbili mbele. Hapa nje hakuna kitu. Yupo ng'ombe mmoja."

"Mbona sikuhisi tukisimama?"

"Umebuni breki nzuri, bosi. Hongera."

"Firmin!"

"Nimeshaita kichwa cha treni cha dizeli, lile zee linalovuta magogo. Dereva wake ni binamu yangu. Dakika arobaini atakuwa hapa. Nimemwambia atuguse taratibu, kama anamgusa bibi harusi."

Anselme alirudi mezani akiwa amekwisha kuamua kusema kweli. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Katika miaka minane hakuwahi kuongeza hata kilomita moja kwenye ripoti, na mwaka mmoja aliipunguza rekodi yake mwenyewe kwa sababu alishuku upepo ulimsaidia. Lakini alimkuta Waziri amebadilika. Uso wake ulikuwa umekunjuka kama wa mtoto aliyeogeshwa. Alikuwa amekirudia kisa cha njiwa tangu mwanzo, na safari hii walicheka panapostahili, na mbwa alikufa kwa heshima.

"Sikilizeni," Waziri alisema, akainua kidole. "Hamsikii kitu. Ndiyo utamu wenyewe!" Akamimina divai mpaka ukingoni mwa glasi, akaitazama kwa jicho moja. "Hata haitikisiki. Hata tone! Tunakwenda mwendo gani sasa?"

"Mia tatu, Bwana Waziri," Lespinasse akajibu papo hapo, bila kupepesa, kama mtu aliyeulizwa saa. Mgongo wake ulikuwa umekiziba kipima mwendo. Chini ya meza kiatu chake kilitua juu ya mguu wa Anselme na kukaa hapo.

"Bwana Waziri," Anselme akaanza, akiwa bado amesimama, "kuna jambo inanibidi..."

"Kaa, kaa, rafiki yangu. Acha nikwambie mimi kwanza. Nilikuja hapa kuifuta hii treni yako. Nakwambia wazi. Ile kelele, ile harufu... wakati wa bata nilikuwa nimeshaichimbia kaburi, kalamu hii hapa. Lakini hii! Huu ndio usafiri wa watu waliostaarabika! Sasa niambie wewe mwenyewe, maana huyu wa itifaki nikitaka mvua iwe jua atanipa miwani. Mia tatu, kweli?"

Watu wote wakamtazama Anselme. Yeye akilini aliwaona wengine: watu sitini wa karakana, fundi wake wa kulehemu ambaye mkewe ana mimba ya tatu, na ile treni yenyewe, masikini, imesimama porini inatazamwa na ng'ombe. Alijiambia kwamba huu hata si uongo hasa. Mia tatu ipo. Aliipata mara nyingi, mbele ya mashahidi, ila si leo. Ni kuhamisha tarehe tu.

"Mia tatu na kumi na moja, Bwana Waziri," alisema.

Mhandisi akidanganya, hudanganya kwa tarakimu kamili. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Anselme ilikuwa fupi kuliko zote, maana treni haikuwa imesogea hata hatua.

"Leteni karatasi!" Waziri akanguruma.

Karatasi ililetwa kati ya jibini na keki ya tufaa. Lespinasse aliondoa kiatu chake. Waziri aliandika, akala kipande cha keki, akaandika tena. Anselme alianza kushangaa, maana sahihi ya mtu haichukui mistari mitano. Mama Darrigade alitoa kichwa jikoni akauliza kama watu wanataka brandi ya Armanyaki, na kutoka behewa la pili ilisikika sauti ya mwandishi mmoja akiuliza hii ni stesheni gani, na mwenzake akimjibu alale.

Ndipo binamu wa Firmin alipofika. Alimgusa bibi harusi wake kwa namna ambayo ndoa nyingine zingevunjika. Glasi ya Waziri ilipinduka kwenye kitambaa cheupe.

"Ni breki hiyo," Lespinasse akasema kabla hajaulizwa. "Tunapunguza mwendo, Bwana Waziri. Dax inakaribia."

"Tayari?" Waziri alitazama saa kwa masikitiko. "Mwendo mzuri huo. Hata kahawa hatujanywa."

Behewa likaanza kusogea taratibu, kimya kabisa, kwa nguvu za kichwa kizee cha kuvuta magogo. Waziri alikausha wino kwa kupuliza, akamkabidhi Anselme ile karatasi kwa mikono miwili. Anselme alisoma akiwa amesimama.

Treni thelathini zijengwe. Hapo moyo ulimruka. Zijengwe, iliendelea karatasi, kama treni hii ilivyokuwa kuanzia jibini na kuendelea, yaani bila kelele na bila harufu. Ile mashine iliyokuwa ikipiga filimbi wakati wa bata iondolewe, na isitumike tena katika treni yoyote ya Jamhuri. Kazi wapewe wale vijana wa idara ya umeme, ambao wanaandika barua kila mwezi wakisema wao wanaweza kuendesha treni kimyakimya. Sahihi. Tarehe. Mhuri.

Alisoma mara mbili. Mara ya pili maneno yalikuwa yaleyale.

"Bwana Waziri," alisema, "hiyo mashine..."

"Eh?"

Lilikuwa jambo la sentensi moja. Hiyo mashine ndiyo inayoiendesha treni, Bwana Waziri, na ilipozimika tulisimama. Tangu jibini tulikuwa tumesimama, na nimekudanganya mbele ya watu wako. Angeisema, angeiokoa turbini kwa dakika moja, kisha kila kitu kingechanwa: treni, karatasi, watu sitini, na yeye. Asiposema, treni inabaki. Inabaki bila ule moyo alioutia yeye kwa miaka minane.

"Hebu niambie," Waziri alisema, akiegemea kiti kwa udadisi wa kweli wa mtu aliyeshiba, "maana mimi si fundi. Ile mashine hasa ilikuwa na kazi gani?"

Lespinasse alikuwa akizikunja glavu zake. Taratibu sana, nje ya mapazia, binamu wa Firmin alipiga honi.

"Haikuwa na kazi, Bwana Waziri," Anselme akasema.

"Nilijua tu," Waziri akasema, na Mama Darrigade akaleta kahawa.